Alama ya Kidole

Mashine ilikuwa ndogo, kama kipande cha sabuni.
Kijana wa laini za simu aliifuta kwa shati lake,
akamwambia Somoe Nampunju: Weka kidole, mama.
Akaweka. Mashine ikalia.
Weka cha shahada. Ikalia.
Nawa kwanza. Akanawa,
kwa maji ya ndoo tuliyonunua,
maana hapa Newala hata kunawa kuna bei.
Ikalia.

Vidole kumi, hata kimoja hakikumjua.

Miaka kumi na tisa amebangua korosho,
kigongo mkono wa kulia, ganda kushoto,
na mafuta ya ganda hayana adabu:
yanakula ngozi polepole, kama mdeni mpole,
mpaka mistari aliyozaliwa nayo
yote imekwenda, kilo kwa kilo,
kwa watu wanaotafuna huku wakitazama mpira.

Kijana hakuwa mbaya. Alisema: Mfumo haukutambui.
Somoe alicheka mpaka mtandio ukadondoka.
"Mfumo ndiye nani? Mtoto wa nani hapa Luchingu?"

Lakini njiani hakucheka.
Bila laini, mnunuzi wa Masasi hatumi pesa,
na fomu za halmashauri zinaanza na namba ya simu.

Mimi ni katibu wa kikundi.
Hesabu ya kidato cha nne nilipata sifuri,
mwalimu Mchopa yupo, muulizeni,
na leo riba nakokotoa mimi.
Kisanduku chetu kina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja anao Akwilombe, muuza ming'oko.
Wa pili anao Bakili, fundi viatu, asiyesikia;
jumla tunamwonyesha kwa vidole, naye hunikosoa.
Wa tatu anao Tunu Chikawe, na baiskeli yake ya magurudumu matatu
haipandi ngazi, ndiyo sababu tunakutana uani kwake.
Hatukupanga kuwa wema.
Hisa za watu watano zilikuwa hazijazi hata kopo.

Jumapili ile Somoe aliomba laki tatu:
mashine ya kukatia ganda, mifuko, mzani.
Nangomwa, mwenye duka la mbolea, akakohoa.
"Kifungu cha nne. Mkopaji ataweka dole gumba.
Huyu dole analo, alama hana.
Kesho akikana, tutamshika kwa lipi?"
Kifungu hicho nilikiandika mimi,
nilikinakili kwa kikundi cha Kitangari bila kufikiri.

Somoe akachovya kwenye wino wa zambarau,
akabonyeza.
Likatoka doa tupu,
laini kama goti la mtoto.

Kimya. Kuku wa Tunu wakawa wanazungumza peke yao.

Bakili akavuta daftari. Akafungua nyuma,
ukurasa baada ya ukurasa, madole yetu yote,
mistari, mizunguko, mistari.
Akamnyooshea Nangomwa kidole: lipi lako?
Nangomwa akasogeza miwani. Akaonyesha la Akwilombe.
Bakili akarudi mbele, akagonga lile doa mara moja,
akatutazama mmoja mmoja
kama mtu aliyetulipia deni na hataki asante.

Tulimpa laki mbili na nusu. Kisanduku hakikuwa na zaidi.

Sasa ana wasichana wawili, Salma na yule wa Mkunya,
na glavu jozi mbili, nene, za rangi ya chungwa.
Wakizivua kwa sababu ya joto, anawatukana
matusi ambayo daftari haliwezi kubeba.

Mwezi wa tatu alichelewesha rejesho siku nne.
Nikamtoza faini elfu mbili.
Akalipa kwa sarafu, moja moja, ili anichoshe.

Na laini? Ipo. Ina jina la mjukuu wake,
mvulana wa miaka ishirini mwenye vidole visafi
visivyowahi kushika ganda.
Pesa ikiingia, simu inalia mfukoni mwake kwanza.
Somoe anatoka uani, mikono mbele, mitupu,
anadai chake.